Foleni Nyuma ya Mashine ya Fotokopi

Asubuhi hiyo fundi kompyuta wa hospitali ya binafsi aliagizwa aipe programu mpya ya miadi jina lake la intaneti. Programu yenyewe, tupu kama nyumba isiyohamiwa, ilikuwa tayari imekaa kwenye wingu, yaani kwenye kompyuta za watu wengine huko mbali. Kilichobaki ni kuiunganisha na anwani mpya ya intaneti ambayo hospitali ilikuwa imeinunua. Anwani ya zamani ilikuwa imechafuka. Wagonjwa waliojiandikisha kwayo walikuwa wamesubiri operesheni mpaka wakachoka, wakaanza kusema, na mkurugenzi hakupenda kusemwa.

"Na wale wa foleni ya zamani?" fundi aliuliza.

"Tutawahamisha baadaye. Wewe zima ile uifute, washa hii."

Fundi alikuwa na sababu ya kuuliza. Mama yake alikuwa kwenye foleni hiyo, ana uvimbe tumboni, na zamu yake ilikuwa imekaribia. Ila kazi ni kazi, na "baadaye" ni neno linaloaminika upesi mtu akiwa na haraka. Aliingiza rekodi ya kuthibitisha kwamba jina ni mali ya hospitali, akaingiza nyingine ya kulielekeza jina kwenye programu mpya. Kisha akaizima programu ya zamani na kuifuta pamoja na foleni yake, kama alivyoambiwa. Jina jipya huchukua muda kuenea duniani, kwa hiyo akakaa ofisini kwake kusubiri, akitafuna kucha.

Chai yake ilikuwa haijapoa mzee mmoja alipotoka ukutani, nyuma ya mashine ya fotokopi, kofia mkononi.

"Hodi. Foleni ya operesheni ndiyo hapa?"

"Shikamoo, mzee. Karibu uketi," fundi alisema, akampisha kwenye kiti chake. Jina la zamani halikuwa na pa kwenda tena, na watu wake ilibidi wafike mahali.

Baada ya mzee alitoka dereva mwenye shingo iliyofungwa bandeji, kisha mwalimu na mkongojo wake, kisha wengine, bila kufuata zamu. Mfagiaji alileta mabenchi huku akinung'unika kwamba angeambiwa mapema asingejisumbua kupiga deki. Fundi alishindwa kufanya lolote. Kila ukuta ulipotikisika alitazama miguu kwanza, akimwomba Mungu isiwe ile anayoijua. Mara akaziona kandambili alizozinunua mwenyewe, na juu yake mama, mikono imejaa povu la sabuni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nilikuwa nafua, mwanangu, nikashtukia niko huku. Kumbe foleni imehamia kwako?"

"Imehamia kwangu, mama."

"Afadhali. Mtu akiwa na wake ndani hana wasiwasi."

Wasiwasi wote ulikuwa umemhamia binti yake, yule fundi. Alitoka akamwita mkurugenzi, naye akaja, akasimama mlangoni kwa kuwa ndani hapakuwa na pa kukanyaga. Aliwasalimia wote kwa adabu.

"Ile kufuli ndogo pembeni ya anwani imetokea?" alimuuliza fundi. "Watu wanaipenda. Wakiiona wanajua tuko salama."

"Imetokea."

"Hongera. Sasa fungua dirisha, hewa ni nzito humu."

"Bosi, mama yangu ni mmoja wao. Ulisema tutawahamisha."

"Tuwahamishe kutoka wapi, fundi?" mkurugenzi aliuliza kwa upole. "Si umeshafuta?"

Maji yakimwagika hayazoleki, lakini fundi alichukua kitambaa hivyo hivyo. Aliliunganisha jina la zamani na programu mpya, akangoja. Alasiri ukuta wa upande wa pili ulifunguka, na foleni nzima ikajikuta mapokezi, kwenye viti laini. Dada wa mapokezi aliwatafuta mmoja mmoja kwenye kompyuta, bila haraka.

"Hayupo," alisema zamu ya mama ilipofika.

"Nipo, mwanangu."

"Nakuona, mama. Ila humu wewe hupo. Ujiandikishe upya, uanzie mwisho."

Mama akauliza mwisho uko wapi. Dada akamwonyesha, nyuma ya umati uliojiandikisha kwa jina jipya tangu asubuhi, na mama akatazama, kiganja juu ya tumbo.

"Uvimbe huu hautangoja huko," alisema, na wenzake wakakubaliana naye. Wakarudi wenyewe nyuma ya mashine ya fotokopi, ambako angalau kila mtu aliijua zamu yake.

Mkurugenzi aliwatangazia wafanyakazi kwamba tangu jina jipya lianze kazi hakuna lalamiko hata moja lililoingia, akamtaja fundi kwa sifa. Watu wakapiga makofi. Fundi naye alipiga, kisha akarudi ofisini kwake, akaisukuma mashine ya fotokopi karibu na dirisha ili wale wenye miguu mibovu wapate pa kuinyoosha.

Siku hizi anakula chakula cha mchana na mama yake, bakuli moja. Mzee wa kofia ndiye wa kwanza, mama anamfuata. Kila mlango ukifunguliwa mzee huvaa kofia, na mama husimama na kujifuta mikono. Lile povu bado halijakauka, lakini gauni limeanza kumbana tumboni, na fundi ameshalifumua mshono mara mbili.