Pepo Nyingi za Mama Lin

Tangu mafuriko yalipowalaza kwenye mahema, Mbeyu aliishi kwa pumzi fupi. Homa ya mapafu haikumuua, ila ilimwacha kama mpira wa baiskeli uliotoboka. Yeye ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo katika kanisa lao, nje kidogo ya Garsen, na sasa mstari wa kwanza ulimkatikia njiani, waumini wakabaki midomo wazi wakingoja. Shemeji yake Kitsao, mzee wa kanisa, alimwambia kwa upole kwamba Pasaka ikifika na hali ni hiyo, wimbo atauanzisha mwimbaji mwenzake Alice. Mbeyu hakumchukia Alice. Alilia tu mbele za Mungu, maana hakujua njia nyingine ya kumshukuru ila ile sauti.

Asubuhi moja alikwenda mjini kununua mpira wa pampu ya shamba. Duka lilikuwa la kijana Mchina, na nyuma ya duka alimwona mama mzazi wa kijana huyo, ambaye mji mzima ulimwita Mama Lin. Alisimama peke yake, magoti yamelegea, mikono ikipanda polepole kana kwamba imebeba beseni la maji lisiloonekana, kisha ikashuka vivyo hivyo. Kuku walipita katikati ya miguu yake bila wasiwasi. Mbeyu alisahau kilichomleta. Aliwahi kuona watu wakisimama hivyo mbele ya madhabahu, si nyuma ya duka.

Mama Lin alisikia kikohozi chake, akamwita. Kwa Kiswahili alichojifunza katika kitabu kidogo cha shule, alimweleza kuwa kwao mazoezi hayo huitwa chigong, na kwamba alifundishwa na bibi yake alipokuwa na kifua kibovu. Akamwekea kiganja chini ya kitovu.

"Vuta pepo," akasema. "Taratibu. Pepo nyingi, mpaka hapa."

Mbeyu aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Shangazi yake mwenyewe aliwahi kupandwa na pepo, akapigiwa ngoma mpaka kulipokucha. Yeye alikwishaokoka na mambo hayo. Aliondoka bila mpira na bila kwaheri.

Kitsao alipopata habari alicheka kwanza. "Shemeji, kupanda mahindi kumekushinda, sasa wataka kupandwa wewe?" Kisha uso ukamkauka, akamkataza kurudi kule.

Mbeyu alitii, na kifua kikaendelea kumbana. Siku zilipita, na Pasaka ikawa inakaribia.

Jioni alikuwa akihudhuria ngumbaru, masomo ya watu wazima, katika shule ya msingi. Mwalimu Dhadho alikuwa amefika kwenye umoja na wingi. Aliandika ubaoni: ukuta, kuta, ukuni, kuni, upepo, pepo. Mbeyu, Mama Winfred kwa darasa zima, aliinua mkono hata kabla chaki haijatoka ubaoni.

"Mwalimu, pepo si wale wanaopanda watu?"

"Hao ni wengine, Mama Winfred. Hao utasema pepo wengi, kama unavyosema watu wengi. Huu upepo wa kawaida, ukizidi mmoja, ni pepo nyingi."

Mtu mmoja nyuma alisema Garsen ina upepo mmoja tu, ule wa vumbi, na darasa likaangua kicheko. Mbeyu hakucheka. Nyingi. Yule mama alisema nyingi, hakusema wengi. Hapa kila mtu alifika na lugha ya kwao, Kiswahili akakiokota njiani. Mgeni yule alikuwa amekisoma.

Aliomba maneno machache: kama ni wale wengi, Bwana amfunge miguu asifike, kama ni zile nyingi, amfungue kifua.

Asubuhi miguu ilimfikisha dukani. Alipoeleza kilichomkimbiza, Mama Lin alicheka mpaka akakaa juu ya kreti, kisha akamwomba radhi kwa mikono miwili. Wakasimama pamoja. Pumzi ilishuka, ikagonga palepale pa siku zote, akakohoa. Kesho yake vivyo hivyo, na kesho kutwa. Ndipo asubuhi moja viganja vikapata joto, kama vya mtu aliyeshika kikombe cha chai, na pumzi ikapita pale pagumu, ikashuka, ikamjaa mpaka mgongoni. Hakuivuta yeye. Ilikuja. Mbeyu alimkumbuka yule mtu wa udongo, pua zake tayari lakini tupu, mpaka Mungu alipomwinamia akampulizia. Miaka yote hii amekuwa akiivuta pumzi hiyohiyo bila kuitambua. Alisimama katikati ya kuku akilia.

Alimweleza Kitsao habari ya wengi na nyingi.

"Tutasikia Pasaka," akasema Kitsao.

Pasaka kanisa lilijaa. Alice alikuwa tayari pembeni. Mbeyu alisimama, akalegeza magoti, na mikono ikapanda yenyewe, polepole. Pumzi ikaingia. Wimbo ulitoka, ukavuka pale ulipozoea kukatikia, ukafika mwisho wa mstari, na pumzi nyingine ikabaki. Waumini, walipoiona mikono yake, waliinua yao. Yake iliposhuka, yao ikashuka taratibu, kanisa zima, wazee kwa watoto. Kitsao naye, magoti yamelegea.

Ubeti ulipokwisha alimsogelea, akivitazama viganja vyake mwenyewe kama vya mtu mwingine.

"Shemeji," akanong'ona, "vina joto."

Mbeyu alikuwa akiipokea pumzi ya ubeti wa pili.