Kitambaa Kigumu cha Hubert

Hasira za mkizi ni furaha ya mvuvi, ndivyo watu wanavyosema. Haya, njooni kwenye maporomoko ya Kisangani mniambie: mvuvi mwenyewe akiwa ndiye mkizi, furaha inabaki kwa nani? Kwa Hubert haikubaki kwa mtu yeyote. Mwaka ule mto ulijaa kupita kiasi, ukazoa miti aliyoisimika kwenye mawe ili kutundikia mitego yake. Tangu siku hiyo alikuwa mtu wa kufoka. Chumvi ikizidi kwenye pondu, yale majani ya muhogo, kelele. Chumvi ikipungua, kelele. Mbuzi wa jirani akilia, Hubert anamjibu. Mtu mzima, jamani!

Mkewe Chantal alivumilia, akavumilia, mpaka uvumilivu ukamwishia. Hakugombana naye. Alikunja vitenge vyake, akavuka mto kwenda Lubunga kwa wazazi wake, na kabla ya kutoka alisema:

"Hubert, mi nakupenda, lakini masikio yangu imechoka. Siku utatulia, utakuya kunichukua."

Nyumba ikawa kimya. Hubert alidhani atafurahia. Thubutu! Alikosa hata wa kumfokea, na hamu ya kula ikamwishia. Alimtaka mkewe arudi, hakutaka kingine chochote duniani, na alijua kwamba kwa wakwe zake hakuna njia ya mkato. Kwa akina Chantal, mume aliyekimbiwa huketishwa katikati ya ua, na wakwe humsema kwa zamu, kwa raha zao. Akijibu kwa ukali hata mara moja, anarudi peke yake. Hubert alikwisha kwenda. Shemeji yake Doudou alimwambia kwamba hata samaki wanamkimbia, naye akaruka kama mafuta ya moto. Baba mkwe wake, Papa Timothée, alimwonyesha lango.

"Bokilo, mukwe wangu, utakuya tena mara moja tu," alisema. "Ukifoka ile siku, bon, ndoa imeisha."

Akaenda kumlilia dada yake mkubwa Ursule, ambaye hufuma kofia za watoto kwa kroshe na kuziuza sokoni.

"Yaya Ursule, mi nitafanya nini?"

Ursule aliitazama mikono yake, ambayo muda wote ilikuwa ikivunjavunja vijiti.

"Leki yangu, mudogo wangu, mikono yako haina kazi, ndiyo maana mudomo inafanya kazi mingi. Kamata!" Akamtupia sindano ya kroshe na donge la uzi mweupe.

"Kroshe? Mi, muvuvi wa maporomoko?"

"Ee, weye. Ao unataka kulala pekee mpaka uzeeke?"

Hubert akaiokota sindano. Mwanzoni ilikuwa vita tupu. Uzi ule haukubali ubabe: ukiuvuta kwa hasira vitanzi vinakaza, na sindano haipiti tena. Ni lazima ushushe pumzi, ulegeze mkono, ndipo uendelee. Halafu mtu anayehesabu vitanzi hana nafasi ya kuhesabu makosa ya wenzake. Hubert alikuwa akifumia palepale kwenye mawe akisubiri samaki waingie kwenye mitego aliyoisimika upya, na wavuvi wenzake walimcheka mpaka mbavu zikawauma.

"Mama Hubert! Utatufumia kofia lini?"

Zamani angewarushia jiwe. Sasa alisema tu, "Ngojeni kwanza, nahesabu," akaendelea. Alijishangaa mwenyewe. Usingizi ulimrudia, hamu ya kula ikarudi, akaanza hata kupiga miluzi njiani. Siku moja mto ulizoa mtego wake mpya kabisa. Aliutazama ukienda zake, akaupungia mkono, akamalizia mstari wake. Moyo wake ulikuwa mwepesi, na ilikuwa miezi mingi tangu uwe hivyo.

Tatizo lilikuwa moja tu. Kroshe haifungwi mafundo, ndiyo maana ukikosea unafumua na kuanza upya. Nani alimwambia Hubert? Hakuna. Mikono ya mvuvi ikifika mwisho wa mstari hufunga fundo la wavu, ndivyo ilivyolelewa, na fundo la wavu halifunguki mpaka Yesu arudi. Alipotaka kuifumua ile mistari ya mwanzo, migumu, ya aibu, hakuweza. Ursule alipokiona kitambaa chenyewe alicheka mpaka akashika ukuta. Lakini siku ya kwenda Lubunga ilikuwa imefika, na Hubert hakuwa na zawadi nyingine ya kumpelekea mama mkwe wake.

Wakamketisha katikati ya ua. Papa Timothée alikuwa kwenye kiti chake, Mama Angélique, mama yake Chantal, pembeni yake. Chantal mwenyewe alisimama nyuma ya pazia la mlango, akisikiliza. Doudou akafungua dimba.

"Ni huyu anagombana na mbuzi? Papa, hata mutoto wa bata anavua kumupita!"

Vidole vya Hubert vilianza kucheza juu ya paja, vikifuma hewa.

"Ni kweli, shemeji," alisema taratibu. "Mwaka huu bata amenishinda."

Ua mzima uliangua kicheko.

Mama Angélique akaipokea zawadi yake, akakikunjua kile kitambaa. Yeye kroshe ameifuma tangu usichana. Alikigeuza huku, akakigeuza kule.

"Ni nini hii? Huku ni mbao, huku ni kitambaa. Na haya mafundo?"

"Mama, wavu bila fundo, samaki anatoroka."

Mama yule alicheka mpaka kilemba kikamdondoka. Kisha kidole chake kikapita kwenye ule upande mgumu, na kicheko kikaisha.

"Huu mustari ngumu, ni ya siku gani?"

"Ni ya mwanzo, kisha Chantal kuondoka, Mama."

"Na hii laini?"

"Ni siku mto ilibeba mutego yangu mupya."

"Na haukupiga kelele?"

"Nilisahau, Mama. Nilikuwa nahesabu."

Pazia likasogea. Chantal alitoka, akakichukua kitambaa mikononi mwa mama yake bila kumtazama mtu. Alijaribu kufungua fundo la upande mgumu kwa kucha. Akajaribu kwa meno.

"Haifunguki," Chantal alisema.

"Haifunguki," Hubert alikubali. "Nilitaka kukuletea kizuri tupu. Nikashindwa."

"Ungeleta kizuri tupu, ningesema Yaya Ursule amekufumia." Akamgeukia baba yake. "Papa, mi naenda nyumbani na bwana yangu."

"Alors, subiri!" Papa Timothée akalalamika. "Hatujamaliza kumutukana. Tonton yako Arsène, ndugu yangu, hajapata zamu."

"Atamutukana Noeli, Papa."

Hapo Hubert alilia. Alilia mbele ya wakwe zake wote, mbele ya Doudou, na hakuona haya hata kidogo. Chantal akachuchumaa mbele yake, akampangusa uso kwa kile kitambaa, kwa upande ulio laini.