Sakafu ya Jivu, Silanga

Asubuhi, kabla watoto hawajafika, Nasambu aliinama kukandika sakafu ya chekechea yake kule Silanga, mtaa wa mabanda kando ya bwawa, kama alivyofunzwa na mama yake Bungoma: mkono mmoja gotini, wa pili ukichora nusu duara. Ila hakutumia samadi. Alichanganya udongo mweusi na jivu la makapi ya miwa kutoka kiwanda cha sukari, pamoja na chokaa inayobaki kabidi ikishatoa gesi kwenye mtungi wa shemeji yake Khamala, fundi wa kuchomelea vyuma Kawangware. Alivaa glavu, maana chokaa ile huunguza.

Udongo wa Silanga ni laini, tena mlafi. Chekechea ilishamwagiwa simiti mara mbili na sakafu zote zikamezwa, mlango ukafuata, watoto wakawa wanaingilia dirishani. Hakuna aliyeshangaa. Jirani yake Mercyline alikuwa anaingilia paani.

Jivu liliposhika, chumba kilianza kupanda taratibu, mpaka mlango ukatokeza tena. Watoto walijikwaa kizingitini, kwa kuwa walishazoea kuruka.

Kilichobaki ni ruhusa. Bila ruhusa chekechea ingefungwa, na wale watoto wangerudi kushinda ukingoni mwa bwawa, mama zao wakiuza makaa. Mwaka jana maji yalichukua mmoja.

Waithaka, afisa wa ujenzi, alikuja na nyundo. Aligonga sakafu, nyundo ikamrukia. Akatoka nje, akasimama juu ya kipande cha simiti kilichosalia uani, na simiti ikaanza kuzama naye.

"Mama, hii yako ni ngumu kuliko simiti," alisema, matope yakiwa magotini. "Si nimejionea? Lakini kwa kanuni zetu jivu ni takataka. Siwezi pitisha watoto wakae juu ya takataka."

"Na hapo umesimama ni nini?" Nasambu aliuliza.

"Simiti. Hii imekubaliwa."

"Afisa, unazama," akamwambia Khamala, aliyekuwa ameleta chokaa nyingine.

"Naona," alisema Waithaka, matope yakimfika kiunoni. "Lakini nazama kihalali."

Nasambu alikasirika hadi macho yakamwasha. Sikio la kufa halisikii dawa. Lakini mgeni ni mgeni, kwa hiyo alimletea chai, naye akainywa yote, matope yakiwa kifuani. Kisha Nasambu na Khamala wakasimama kwenye sakafu ya jivu, wakamrushia leso aliyojifunga Nasambu, wakamvuta. Sakafu haikutikisika.

Waithaka aliwashukuru kwa moyo wote. Akaomba maji, akanawa mikono, akachora mlangoni X nyekundu ya kufunga jengo, polepole, rangi isichuruzike.

Kesho yake Nasambu aliwashika watoto mkono, akawarudisha kwa mama zao, kwenye makaa, kando ya maji. Mvua ilinyesha mchana kutwa. Kile chumba kitupu hakikuzama hata kidogo.