Kilo Ishirini Bila Kuzidi

Jumanne ya pili ya Novemba, mwaka 1986, mzee Ndyamukama alipanga foleni ya kahawa bila kahawa. Waliomtangulia walikuwa na magunia. Yeye alikuwa na sanduku la kijani aliloazimwa na mchungaji, na aliyelibeba kichwani ni Theoneste, kibarua wake. Chama cha msingi cha Omukishanda kilikuwa na mzani mmoja wa kuning'iniza, na kijiji kizima hakikuwa na kitu kingine cha kumwambia mtu mzigo wake una kilo ngapi. Kwa hiyo alisubiri zamu yake kama wengine.

Alikuwa anasafiri. Marafiki wa kanisa, watu wa nchi moja ya baridi huko Ulaya, waliandika kwamba wangependa kumwona mkulima wa ile kahawa wanayokunywa baada ya ibada. Wazee wa kanisa walimchagua Ndyamukama kwa sababu alikuwa na miaka hamsini na saba, hakuwa mlevi, na hakuwahi kubishana na mtu hadharani. Barua ilisisitiza mambo mawili. Kwanza, mgeni atapelekwa mlimani kuteleza kwenye theluji, hivyo aje na vifaa vyake. Pili, ndege inaruhusu mzigo wa kilo ishirini, bila kuzidi. Haikueleza mtu wa Karagwe atapata wapi vifaa vya theluji. Aliyeiandika aliiona theluji kila mwaka, na pengine hakudhani kuna mahali haifiki.

Kumbe vifaa vilikuwepo. Gaspari, muuza mitumba wa mnadani Kayanga, alikuwa navyo mwaka wa pili sasa na hakuna aliyejua ni vya nini. Kulikuwa na koti jekundu nene kama godoro, suruali yenye mikanda ya mabegani, glavu ambazo mtu akizivaa hawezi kushika hata jembe, na viatu vya plastiki ngumu vyenye vishikizo vya chuma. Viatu hivyo vilikuwa vizito kama mawe ya kusagia. Gaspari aliamini vilitengenezwa kwa ajili ya mtu aliyevunjika miguu yote miwili. Alikuwa pia na ubao mmoja mrefu uliopinda ncha, lakini Ndyamukama aliukataa kwa kuwa yeye alikuwa na miguu miwili.

"Basi chukua na miwani hii, mzee wangu," Gaspari alimwambia. "Ni ya fundi wa kuchomelea. Hiyo nakuongeza."

Sasa kila kitu kilikuwa ndani ya sanduku, na sanduku lilikuwa kwenye foleni.

Mzani ule kila mtu aliujua. Ulikula kilo mbili katika kila gunia, na karani Polikarpi aliziita kilo za unyevu. Uanike kahawa yako wiki tatu juani, ikauke hadi ipige kelele ukiitikisa, unyevu wake ulikuwa kilo mbili vilevile. Watu walilalamika. Barua ikaenda juu, mkaguzi akaja, akala kuku, akaondoka. Baada ya hapo wakachoka, na uchovu wenyewe ukawa sehemu ya kuuza kahawa, kama kamba na gunia.

Polikarpi alilining'iniza sanduku. Mshale ukapanda, ukasimama kwenye thelathini na tatu.

"Punguza, mzee," alisema.

Ndyamukama alitoa viatu, mshale ukashuka hadi ishirini na nane. Akatoa koti, suruali, glavu na miwani. Sanduku likabaki tupu, mfuniko wazi, likizunguka taratibu kwenye ndoano, na mzani ukasema ishirini na nne. Theoneste alisema kwamba lile sanduku likiwa tupu halizidi kilo tatu, maana alilichukua kwa mchungaji kwa mkono mmoja. Polikarpi akalishusha, ikabidi waje watu wawili kumsaidia. Akaning'iniza gunia la Egbert, aliyekuwa nyuma yao. Mzani ukala kilo mbili.

"Mzani ni mzima," Polikarpi alisema, na kwa namna yake alikuwa sahihi.

Kokuhirwa, mjane anayepakana na Ndyamukama upande wa chini, ndiye aliyeinama na kutia mkono sandukuni. Akapapasa kidogo kwenye pembe.

"Kilo mbili hizi ni zangu," alisema. "Za mwaka ule tuliomzika mume wangu."

Akasogea ili wengine nao watie mikono. Hakuna kilichoonekana mle ndani isipokuwa bitana ya karatasi yenye maua, lakini mtu hulijua lake, kama anavyomjua mbuzi wake katika kundi. Egbert alizitambua tatu. Wengine waliokuwa kwenye foleni walitambua saba, huyu moja, yule mbili, bila ugomvi. Ndyamukama alitia mkono wa mwisho akakuta tano. Moja ilikuwa ya mwaka wa vita. Mbili zilikuwa za msimu ule aliomtoa binti yake shule. Alizishika kwa muda mrefu. Furaha ilimjia, na kwa kuwa ilikuwa imechelewa sana ilimchosha kuliko huzuni.

"Hazijafika zote," Egbert alisema. "Zingekuwa zote zingejaza lori."

"Nyingine zilishakata tamaa," Kokuhirwa akamjibu. "Hizi zimesikia Ndyamukama anakwenda kwa wanywaji. Zinataka zikapimwe kule."

Jambo hilo lilieleweka. Wakakubaliana pale pale kwamba Ndyamukama azipeleke, azipimishe kwenye mzani wa watu wasiojua unyevu wa Polikarpi, na arudi na karatasi. Karatasi ya Ulaya yenye muhuri ingesomwa na watu ambao hawakuwahi kusoma barua zao. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi foleni ile kutaka kitu. Polikarpi aliuliza tu kama zitahitaji kibali cha kusafirisha mazao nje ya mkoa, akaambiwa anyamaze.

"Na baridi je?" Ndyamukama aliuliza. "Nguo nizitupe?"

Mkewe Eustadia, aliyekuwa amekaa kwenye magunia akimlinda asisahau kitu, alimtazama kama mtoto aliyeshindwa hesabu ya kujumlisha.

"Nguo utazivaa, waitu. Viatu utavivaa. Mwili haupimwi."

Basi nguo zikapata pa kukaa. Lakini sanduku lilikuwa na kilo ishirini na nne, na ndege ilitaka ishirini. Wakahesabu tena. Sanduku lenyewe tatu, zilizopata wenyewe kumi na saba. Zilibaki nne zisizo na mtu, zimejikusanya upande wa bawaba.

Theoneste alikuwa amesimama mlangoni. Alikuja nchini akiwa mtoto, mgongoni mwa mama yake, wakati watu walipokuwa wakikimbia kutoka Rwanda, na sasa alikuwa na watoto wanne. Yeye na mkewe Nyirabageni walikaa pembeni mwa kibanja cha Ndyamukama, katika nyumba waliyojenga kwa ruhusa yake. Waliruhusiwa kupanda mahindi na maharage, si migomba wala kahawa, maana anayepanda kitu cha kudumu huanza kudhani ardhi ni yake. Aliingia, akafuta mikono kwenye suruali, akainama.

"Hizi nazijua," alisema.

"Wewe?" Polikarpi alishangaa, na ndilo jambo pekee lililomshangaza siku ile. "Wewe si mwanachama. Hujawahi kuleta hapa hata kikombe kimoja cha kahawa."

"Ndiyo, karani. Hazikupotelea hapa."

Vibarua walilipwa kwa debe la kahawa mbichi waliyochuma, na debe la Ndyamukama lilikuwa la mafuta ya msaada, lililobaki baada ya vita. Mwaka wa sabini na tisa alikaa nalo uwanjani, akaligonga kwa jiwe kutoka ndani, pande zote nne na kitako, hadi likavimba kama tumbo la ng'ombe aliyekula majani mabichi. Debe lile halikujaa upesi. Nyani haoni kundule, na Ndyamukama alikuwa amelitazama debe hilo misimu minane akaona debe. Sasa alitazama chini. Egbert naye alitazama chini, na Kokuhirwa akajifunga upya kanga yake, kwa sababu kila aliyekuwa na vibarua alikuwa na debe lake nyumbani.

"Toa nne za kwako," Eustadia alimwambia mumewe polepole. "Unazo tano. Za huyu ziende."

Alikuwa amesema kweli, na Ndyamukama alijua. Aibu ilimpanda hadi masikioni. Angeweza kufanya hivyo kwa dakika moja, na pengine angelala vizuri. Lakini mkono wake ulikuwa bado unakumbuka zile tano, uzito wake halali, ule msimu wa binti yake. Aliibiwa kwa miaka ishirini bila kubishana na mtu. Aliona ni ukatili kwamba siku kilo zake zinaporudi ndiyo siku anayotakiwa kuziachia.

"Hili ni jambo la wanachama," alisema.

Alisema kwa sauti ya chini, ile ile iliyomfanya achaguliwe. Hakuna aliyempinga. Akainama, akazitoa zile nne moja moja kutoka upande wa bawaba, akamkabidhi Theoneste. Theoneste alizipokea kwa mikono miwili, kama mtu anavyopokea kitu kwa mkubwa wake.

"Nikirudi tutaliangalia," Ndyamukama alimwambia.

"Asante, mzee."

Polikarpi akalining'iniza sanduku tena. Ishirini kamili. Watu wakapiga makofi kidogo, kisha wakaendelea kupima magunia yao, na mzani ukaendelea kula.

Ndyamukama aliondoka wiki iliyofuata. Alivaa koti, suruali na viatu tangu nyumbani, kwani akivivua vingehitaji pa kukaa, na sanduku lilikuwa limejaa. Theoneste alimsindikiza na lile sanduku kichwani hadi kwenye basi Kayanga. Basi lilikwenda Bukoba, meli ikampeleka Mwanza, treni ikampeleka Dar es Salaam, na kote huko alitoka jasho hadi koti likatoa harufu ya mtu aliyelivaa kwanza, mtu wa sabuni nyingine. Kondakta wa treni alimwamkia shikamoo na kumuuliza kama amevunjika miguu. Alijibu kwamba anasafiri.

Kwenye uwanja wa ndege walipima sanduku, wakafungua, wakafunga.

"Kuna nini humu?" aliuliza dada wa kaunta.

"Kahawa."

"Ishirini. Sawa," akasema, akabandika karatasi.

Huko alikokwenda watu walikuwa wema. Walimkuta amevaa tayari, wakafurahi sana. Walimpeleka mlimani, akaanguka mara kumi na moja, na kila alipoanguka alisaidiwa na mtu mwingine. Siku ya tatu akawaeleza habari za kilo. Wakasikiliza, wakasikitika, na muuza matunda mmoja akaleta mzani wake kanisani. Ukitoa sanduku, zilitimia kumi na saba, bila kupungua hata gramu moja. Wakaandika karatasi, wakapiga muhuri. Kisha, kwa kuwa walidhani ni zawadi, wakazisaga kilo zote kumi na saba, wakazinywa baada ya ibada ya Jumapili. Ndyamukama naye alipewa kikombe. Alikinywa hadi mwisho, kwa sababu hakutaka kuwavunjia heshima wenyeji wake, ingawa katika kikombe kile alikuwemo mume wa Kokuhirwa na ada ya shule ya binti yake. Wenyeji walisema ni chungu kidogo lakini nzuri.

Alirudi kabla ya Krismasi. Karatasi ilisomwa mbele ya wanachama, mara mbili, na mchungaji akaitafsiri. Kokuhirwa alilia, kisha akauliza kama wametuma chochote, akaambiwa wametuma salamu. Polikarpi aliibandika karatasi ukutani, karibu na tangazo la bei. Egbert, aliyekuwa amebakiza gunia moja la mwisho wa msimu, alilining'iniza siku hiyo hiyo chini ya ile karatasi. Unyevu wake ulikuwa kilo mbili.

Habari za Theoneste hazikuangaliwa. Si kwamba Ndyamukama alisahau. Kila asubuhi alizipita zile kilo nne barazani kwa Theoneste, zimekaa kwenye jamvi, na jamvi limebonyea. Nyirabageni alifagia akizizunguka. Ndyamukama aliuliza habari za watoto, habari za mahindi, akaendelea na njia yake akiwa na aibu ambayo ilikuwa inapungua makali kila wiki.

Mwezi Juni kahawa ikaiva. Siku ya kwanza ya kuchuma, Theoneste alifika kukiwa na umande bado, na zile kilo nne zilimfuata nyuma hadi kwenye mibuni, zikalala kwenye nyasi mwanzo wa safu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umeamkaje?"

"Tumeamka."

Ndyamukama alimpa debe lile lile. Theoneste alilichukua, akaanza kuchuma. Kabla ya saa sita mchana kilo zilikuwa tano.