Dizasta

Angesema "maafa" akanyamaza, Yasinta angekuwa bado nyumbani kwa mumewe. Lakini Mwalimu Chediel, loh! Mtu yule humpi neno la Kiingereza akalimeza hivihivi.

Mvua ilikuwa imeangusha ukuta pale kwao Ilongero, ukamlalia Dina, mtoto wake Yasinta wa pekee. Wakamzika pembeni ya shamba la alizeti. Watu wakiwa bado matangani, akaja afisa kutoka wilayani, akautazama ukuta, akatikisa kichwa. "Hii ni dizasta," akasema, akapanda gari akaenda zake.

"Dizasta ndiyo nini?" akauliza bibi Theodora, mama mkwe wa Yasinta.

Mwalimu akajikohoza. "Ni maafa, mama. Ila asili yake sasa! Wazungu wa kale waliamini balaa hutoka angani. Neno lenyewe maana yake nyota mbaya."

Macho ya wanawake yakamgeukia Yasinta pale mkekani.

"Si nilisema?" akasema Theodora. "Tangu aingie huyu, ng'ombe wamekufa, mwanangu hana kazi, leo mjukuu wangu. Ana nyota mbaya, hata serikali imeiona!"

"Siyo nyota ya mtu, mama, ni zile za juu..."

"Umeshasema, mwalimu. Kunywa uji wako."

Yasinta akamsubiri mumewe aseme neno. Elisha alikuwa anachimbachimba ardhi kwa kijiti. Ukuta ule aliujenga yeye, kwa tofali mbichi, bila msingi, na tangu kiangazi mkewe alimsihi auegemeze walau magogo. Nani pale asiyejua? Wote walijua, na wote walikunywa uji.

Matanga yalipoanuliwa, Elisha akafunga begi la mkewe kwenye bodaboda. "Nenda kwenu Mgori kwanza. Mambo yakitulia nitakufuata."

"Mwanangu yuko hapa, Elisha. Kaburi lake atalifagia nani?"

Elisha akajifanya anakagua tairi la pikipiki. Safari hii Yasinta hakuumeza uchungu wake.

"Kilichomuua Dina ni nyota yangu au tofali zako? Sema wewe uliyejenga."

Elisha akakaza kamba ya begi, bila kumtazama.

"Mimi Kiingereza sikijui, mama Dina," akasema. "Mwalimu ndiye aliyesoma."