Jina la Mama kwenye Kadi

Kericho hapa, wakili anayeshika kesi za kuasili watoto na hizo tu ni mimi. Mawakili wenzangu wako kwenye kesi za mashamba na mipaka. Miaka kumi na minne wamenicheka, Wambugu akiwa wa kwanza. Tukikutana kortini ananiuliza, "Yunia, bado unalea watoto wa watu?" Huyo nimemzoea. Aliyenipandisha hasira mwezi uliopita ni mteja wangu mwenyewe.

Esnah ni mchuma chai. Jirani yake kwenye kambi ya wafanyakazi wa chai alifariki akijifungua, na Esnah akamchukua mtoto, Vinny, akamlea. Sasa ana miaka sita. Esnah alitaka korti imtambue kuwa mama yake, nami nikapeleka ombi. Afisa wa watoto akaenda zahanati ya kambi kuulizia, akarudi na kadi ya kliniki. Pale pa mama mzazi pameandikwa Esnah. Basi ripoti yake ikasema huyu mwanamke aliiba mtoto wa marehemu akajifanya amemzaa, na Vinny aondolewe kwake apelekwe makao ya watoto.

Nikamwita Esnah nikamfokea. Nilimfokea vibaya, mlango wazi, watu wakisikia. Nikamwambia mtoto anaenda kwa sababu ya ujinga wake. Kwani alishindwa nini kuuliza mtu kabla ya kuandika uongo?

Alingoja nimalize. Vidole vyake vilikuwa bado vyeusi kwa utomvu wa chai.

"Nilikuuliza wewe, mama wakili," akasema. "Ule mkutano wa akina mama, kanisani Kapsoit. Nilikuwa nimembeba mgongoni. Nikasema zahanati inatibu watoto wa wafanyakazi pekee, na huyu anakohoa. Ukaniambia niandike jina langu pale pa mama, mambo ya korti yatafuata."

Nilikumbuka. Nilikuwa nimevaa suti mpya, nikijiona mkombozi wa watoto wa kambi, na ukumbi mzima ulinipigia makofi. Miaka hiyo yote nimekuwa nikiwatukana watu wanaofanya mambo ya watoto kienyeji, kumbe mwalimu wao ni mimi. Nilijichukia.

Ili Vinny asiondolewe, ilibidi niyaseme hayo kortini mwenyewe, na wakili hawezi kuwa shahidi kwenye kesi anayoisimamia. Ilibidi nijiondoe, na mtu wa kumpa faili alikuwa mmoja tu asiyemwogopa jaji wa kesi hiyo. Wambugu alianza kwa kucheka. Alipofika kwenye kiapo changu cha maandishi, nilipokiri kwamba ushauri ule ulikuwa wangu, akakisoma mara mbili.

"Ukiyasema haya wanaweza kukunyang'anya leseni."

"Najua kusoma, Wambugu."

Wiki iliyofuata nikapanda kizimbani. Esnah alikaa mbele, Vinny kamlalia mapajani. Wambugu akaniuliza ni nani alimwambia mama huyu aandike jina lake.

"Ni mimi," nikasema. "Yeye alitaka mtoto apate dawa. Wa kulaumiwa ni mimi niliyesomea sheria."

Jaji aliandika kwa muda mrefu. Kisha akasema Vinny hataondolewa kwa Esnah, na ombi la kumwasili litaendelea. Mimi nitaitwa mbele ya kamati ya nidhamu ya mawakili, na hadi waamue nisiguse kesi yoyote ya mtoto.

Nilitoka nikiwa na hasira na jaji, na kamati, na yale makofi ya Kapsoit. Nje, Esnah alikuwa amesimama na akina mama watano. Kila mmoja alikuwa na mtoto mkononi, na kadi ya kliniki ndani ya mfuko wa plastiki.

"Hawa pia walikuwa Kapsoit, nao wakaandika majina yao," Esnah akasema. "Wameogopa. Wanauliza kama utawasaidia."

Sikuwa na ruhusa hata ya kushika zile kadi. Nikageuka. Wambugu alikuwa nyuma yangu, faili kwapani, mdomo umeanza kufunguka.

"Ukithubutu kucheka," nikamwambia, "nitakupiga na hiyo faili."

Hakucheka. Aliketi kwenye benchi, akatoa kalamu, akamuuliza mama wa kwanza mtoto anaitwa nani.