Konokono Waliogeuzwa Mdomo

Kumtambua konokono wa lambo hakuhitaji digrii. Unamsimamisha ncha ya gamba juu, mdomo ukikuelekea. Mdomo ukiwa kushoto, huyo ndiye anayebeba kichocho cha watu, kile cha kukojoa damu. Ukiwa kulia, huyo anabeba minyoo ya maini ya ng'ombe. Basi. Miaka kumi na tisa Wilhelmina alikuwa amelirudia somo hilo katika maabara yao ndogo ya Pasiansi, mpaka wenzake wakawa wanamtania kwamba hata wageni wake huwauliza wana mdomo upande gani.

Sasa asubuhi hii Luhaga, mhudumu wa kujitolea anayechunguza lambo la kijiji chao, ametuma hesabu: konokono wa ng'ombe mia nne na kumi na mbili, wa kichocho hakuna. Na chupa ya sampuli aliyoituma pamoja na hesabu hiyo ilikuwa imejaa midomo ya kushoto mitupu.

"Huyu ana macho au vifungo vya shati?" Wilhelmina alifoka. Akainua kichwa kuitazama chati ya mradi wao wa konokono ukutani, ile waliyopewa wahudumu wote. Konokono wa kichocho alikuwa na mdomo kulia. Wa ng'ombe, kushoto. Miezi mitatu chati ilikuwa imening'inia hapo mbele ya pua yake.

Alimpigia Yassin, kijana aliyeipanga chati hiyo kwenye duka la uchapaji kule Mirongo.

"Nilizigeuza tu, mama," Yassin alisema bila wasiwasi. "Picha zilikuwa zinatazama nje. Zikitazama katikati zinapendeza."

"Nani alikwambia konokono anatakiwa kupendeza?"

"Lakini mama, nakala ya mwisho si nilikuletea? Ukasahihisha majina, ukaweka sahihi."

Ni kweli. Alikuwa amekagua herufi moja moja, nukta na mkato. Picha hakuzitazama, kwa kuwa alizichora mwenyewe. Akakata simu kwa hasira, ingawa hakujua tena amkasirikie nani.

Alimpata wa kumkasirikia ofisi ya pili. Elias, mratibu wa mradi, ndiye aliyeondoa mistari miwili ya maelezo chini ya picha ili nembo za wafadhili zipate nafasi. Picha zinatosha, alisema wakati ule, watu hawasomi. Leo alisema chati mia nane zimeshagawiwa, zitarekebishwa awamu ijayo, kimya kimya, tusijianike. Gari nalo limekwenda uwanja wa ndege kupokea wageni.

Wilhelmina akapanda bodaboda, akaenda akiwalaani Yassin na Elias kwa zamu njia nzima.

Kwenye lambo alikuta upande mmoja umezungushiwa uzio wa miiba. Ng'ombe walisimama nje wakilia kiu. Upande wa pili kina mama walikuwa wakifua, maji magotini, na watoto wasiopungua ishirini wakirukaruka majini wakipiga makelele ya furaha.

"Shikamoo, mama!" Luhaga alikuja mbio, uso umemkunjuka. "Umeona kazi yetu? Chati ilipotuonyesha ni konokono wa ng'ombe, tuliitisha mkutano. Ng'ombe marufuku, wanywe ziwani. Maji tumewaachia watu. Zamani watoto tulikuwa tunawachapa wasiingie humu. Siku hizi wanaoga raha zao."

Wilhelmina alisahau hata kuitikia marahaba. Alimwomba chati yake, akaigeuza nyuma mbele, akaiinua kwenye jua. Wino ukaonekana kwa nyuma ya karatasi, na kila konokono akarudi upande wake.

"Hivi ndivyo nilivyowachora," alisema. "Wamechapwa kinyume."

Luhaga aliifuata midomo ile kwa kidole.

"Kwa hiyo mwanzo nilikuwa sawa," alisema taratibu. "Wiki ile ya kwanza niliandika ni wa kichocho, kama ulivyotufundisha. Kurasa mbili nzima. Chati ilipokuja nikazichana."

"Kwa nini hukunipigia?"

"Nikupigie nikubishie, mama? Sahihi yako hii hapa chini."

Matusi yote aliyokuwa amewaandalia wenzake yalimgeukia yeye. Aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona tangu aanze kazi.

Luhaga alikuwa ameshakimbilia ukingoni.

"Tokeni! Wote tokeni majini! Queen! Nimesema toka!"

Binti yake, wa miaka minane hivi, alitoka akitiririka maji, amenuna.

"Baba, si ulisema maji haya hayana shida?"

Luhaga alimgeukia Wilhelmina.

"Siyo baba yako, mwanangu," Wilhelmina alisema. "Mimi ndiye niliyesema."